Mikono Themanini ya Kushoto

Jumatatu, 4 Machi 1991
Ule mlio umenifuata hadi nyumbani. Mkasi juu ya chuma cha cherehani, mara tatu. Ko, ko, ko. Nausikia karibu kila siku kupitia mlango wangu. Leo nimeusikia hata nikiosha vyombo.

Ni wale wanawake wanane wanaoshona verandani, hatua chache kutoka chumba nilichokodi. Mmoja akikwama, anagonga. Wenzake wanamaliza mshono walioushika, kisha wanamwendea. Wananong'ona, wanacheka, wanarudi. Mimi singeweza. Nilisomea ushonaji miaka miwili. Sikusoma ili nishone kwa kamati.

Nimekata kola kumi na mbili. Mlango umefungwa. Joto kali.

Alhamisi, 7 Machi
Kazi kubwa. Majoho arobaini ya kwaya, ya kuvaliwa Pasaka. Kiongozi wa kwaya, mama mmoja wa mtaa wa Milimani, alisema amependa kwamba nina chumba changu na vipimo vimebandikwa ukutani. Kitambaa wameleta wenyewe: zambarau, kinang'aa upande mmoja, upande wa pili kimefifia kama majivu. Kilitoka Nairobi. Alirudia mara mbili kwamba hakuna kingine.

Nikiyatoa vizuri, kwaya zote za mjini zitanijua. Baba ataacha kuniuliza nitaomba lini kazi ya ualimu. Nikiyaharibu, nafunga chumba narudi nyumbani Kisian.

Nyar Nyakach aliona majora ya kitambaa yakiingia. Ndiye anayeshona sare za shule pale verandani. Wanamwita hivyo, yaani binti wa Nyakach, kwa kuwa ametoka Pap Onditi, huko huko Nyakach. "Madam Mlango," akapaza sauti, "hayo yote utakata peke yako?" Nikasema ndiyo. Hilo ndilo jina walilonipa. Nalichukia.

Jumanne, 19 Machi
Miili ya majoho iko tayari. Leo mikono. Nimetandaza kitambaa tabaka juu ya tabaka, upande unaong'aa juu, nikakata yote kwa karatasi moja ya kipimo. Haraka, safi. Najivunia.

Jumatano, 20 Machi
Mikono themanini. Yote ya kushoto.

Nimeiandika na bado siiamini. Mkono una mbele na nyuma, na mbele huchimbwa zaidi begani. Nikiugeuza wa kushoto uwe wa kulia, upande uliofifia unatoka nje. Nilipaswa kukunja kitambaa uso kwa uso, ili kila mkato utoe jozi. Najua hivyo. Lakini chuoni tulikatia pamba nyeupe, ambayo pande zake zote ni sawa. Mtu yeyote aliyesimama karibu angeniuliza, mbona hukukunja? Hapakuwa na mtu. Nilihakikisha hakuna mtu.

Kilichobaki ni vipande vya ukubwa wa kiganja. Zimebaki siku kumi na moja. Nimelia nikiwa nimeuma leso.

Alhamisi, 21 Machi
Nimegonga.

Saa nne asubuhi nilikwenda verandani na mkasi na mkono mmoja wa joho. Nikagonga chuma cha cherehani ya Nyar Nyakach. Mara moja. Hakuna aliyeinua kichwa. Nikakumbuka ni tatu. Nikaongeza mbili. Miguu ikaendelea kukanyaga mpaka kila mmoja akamaliza mshono wake. Sijawahi kusimama muda mrefu hivyo. Kisha wakaja wote.

Nilieleza, nikangoja kicheko. Nyar Nyakach alicheka kweli, hadi akashika kiuno. Halafu akasema yeye aliwahi kukata kaptura thelathini zenye mguu wa kulia tu, na tangu siku hiyo hukunja hata kitambaa cha meza. Mwingine akataja lake. Na mwingine. Sikujua kosa langu lina ndugu wengi.

Mama Zuhura aliuchukua mkono wa joho. Ndiye mshonaji wa kanzu, Mwislamu, na huu ni mwezi wa mfungo. Midomo yake ilikuwa imekauka. Aliulaza ule mkono mapajani, akalikunja bega mpaka likawa mstari mnyoofu.

"Kata hapa," akasema. "Mkono wa kanzu hauna kulia wala kushoto. Unaunyoosha, unatia kikwapa, basi."

Kikwapa ni kipande cha mraba kinachoshonwa chini ya kwapa. Vile vipande vyangu vya kiganja vinatosha. Nikasema mikono itakuwa mifupi. Nyar Nyakach akajibu kwamba ana popilini nyeupe, kitambaa cha mashati ya sare. Tutarefusha kila mkono kwa utepe mweupe mwishoni.

Jumamosi, 23 Machi
Chumba changu hakitutoshi. Tumehamia verandani. Wanaokuwa na nafasi wananyoosha mabega. Mama Zuhura amenifundisha kona ya kikwapa. Amenifumulisha mara tatu. Kanzu zake za Idd zimekunjwa pembeni, hazijaguswa. Nilipotaja hilo alinitazama kana kwamba nimemtukana.

Nakunywa maji nyuma ya nguzo ili asinione. Ananiona. Anasema mfungo ni wake, si wangu.

Jumanne, 26 Machi
Gari la kiongozi wa kwaya lilisimama mbele yetu. Mama yule aliona majoho yake mikononi mwa wanawake wa njiani, na utepe mweupe ambao hakuuagiza. Akauliza kama chumba kilikuwa cha kumwonyesha tu. Nikamwambia ukweli: nilikosea, hawa wamenisahihisha. Akachukua joho moja lililokamilika, akapanda gari, akaondoka.

Nimeweka sindano chini. Labda kesho atakuja kuchukua kitambaa chake.

"Shona," Mama Zuhura akasema. "Hasira zake hazina uzi."

Ijumaa Kuu, 29 Machi
Yule mama hajarudi. Bado majoho mawili.

Jumamosi, 30 Machi
Yamepigwa pasi yote. Dereva amekuja kuyachukua. Ameyapakia, akaondoka.

Jumapili, 31 Machi. Pasaka
Nilikaa benchi la mwisho kanisani. Wanakwaya waliingia wakiwa zambarau tupu. Ulipofika ule wimbo wa kufufuka, wote wakainua mikono.

Majoho ya zamani yalikuwa yakipanda nao hadi magotini. Haya hayakusogea. Kikwapa kilifunguka, mikono ikaenda juu, tepe nyeupe themanini kwa pamoja. Waumini waliguna kwa mshangao. Nilisahau kuimba.

Mlangoni yule mama alinishika mkono. Alikuwa amelijaribu lile joho mbele ya kioo siku ile ile aliyoondoka nalo, akainua mikono, na joho halikupanda. Leo kwaya mbili za wageni zimemwuliza habari za majoho. Akawaleta viongozi wao kwangu.

"Nani anashona hii mikono?" mmoja akauliza.

"Sisi," nikasema. Nikawaelekeza verandani.

Jumatano, 10 Aprili
Mvua asubuhi, kisha jua. Siku nzima tumekuwa kwenye kanzu za Mama Zuhura, wote. Mimi vifungo na mapindo. Amenifumulisha mara moja tu.

Mchana mama mmoja mgeni alikuja na cherehani kichwani, akaomba nafasi. Tulisogea.

Bado wananiita Madam Mlango. Jina limebaki, mlango sina. Juzi jioni nilibandua vipimo ukutani, nikahamishia cherehani yangu kati ya Nyar Nyakach na nguzo, na jana nilimrudishia mwenye chumba ufunguo wake.