Cherehani Iliyoibwa Tukiwa kwenye Mkutano wa Ulinzi

Jumatano, Nyanga. Mvua haijakatika tangu asubuhi, na nina hasira.

Wiki tatu zilizopita balozi wetu wa nyumba kumi aliitisha mkutano wa ulinzi. Bukoba inakua, alisema. Malori ya kahawa yameongezeka, nyumba zinajengwa mpaka ndani ya migomba, na watu wasiojulikana wanaingia kila siku. Alipita mlango kwa mlango kututoa.

"Mama Koku, acha kushona. Funga twende. Ulinzi ni wa wote, ndugu yangu."

Nikafunga. Niliporudi kufuli limevunjwa na cherehani yangu ya mkono haipo. Ndiyo iliyotulisha mimi na wanangu tangu baba yao afariki.

Balozi alisema mwizi ni Bonifasi, kuli wa kutoka Kimwani aliyepanga chumba nyuma ya kwangu, kwa sababu hakuja mkutanoni. Mgambo wakampiga mbele yangu mpaka wakamvunja mkono.

Niandike ukweli: nilifurahi. Nilisema wamwongeze.

Leo nimetoka Muleba. Mzee Ishengoma, fundi aliyenifundisha kushona, alimtuma kondakta wa basi aniambie niende upesi. Nikaikuta cherehani mezani kwake. Ina kasoro yake ya siku nyingi: usipolizungusha gurudumu nyuma kidogo kabla ya kuanza, inakata uzi. Mwizi ilimshinda, akampelekea Mzee aitengeneze.

"Niliijua hata kabla hajaitua," Mzee aliniambia. "Nikamwambia aiache, arudi wiki ijayo."

Akanitajia jina la aliyeileta: ni shemeji wa balozi. Wiki ile ya mkutano nilimwona kila siku uani kwa balozi akiota jua. Na mkutanoni balozi alitusomea majina ya wageni wote wa nyumba kumi, kama kazi yake inavyomtaka. La shemeji yake halikuwemo.

Nikitoka stendi nilipitia kwa balozi, cherehani nimeifunika kanga. Sebuleni kulikuwa na wageni. Mkewe akanisogezea kikapu cha akamwani, kahawa yetu ya kutafuna. Sikuchukua hata punje moja. Nilikirudisha mbele ya macho yao, na kwetu Wahaya kila mtu anajua maana yake: undugu umekwisha.

"Kuna nini, Mama Koku?" balozi aliuliza.

"Jumamosi utajua."

Jumamosi ana mkutano mwingine wa ulinzi. Nitaitua cherehani mezani pake, nimwombe atusomee tena majina ya wageni. Nataka atafute pa kuficha uso asipate. Nataka wanawe wawepo. Sitaki msamaha wake.

Lakini kesho inanibidi niende Kimwani kwanza. Bonifasi alirudi kwao, hawezi kubeba gunia tena. Nitamwomba aje akae mstari wa mbele. Na akitaka kuanza na mimi kabla ya balozi, nitasimama pale pale, nimsikilize mpaka amalize.