Mulango Yetu Iko Upande Gani, Numbi?

Kwako Numbi, mutoto wangu mwenye kuangaliaka nyumba yetu paka mu telefone tu,

Nakusalimia, lakini usifurahi. Niko na kasirani, na kasirani ya muzee haina breki.

Ulinituma sauti: "Papa, nyumba ya zamani ni mali. Tunaweka karo chini, plafon juu, rangi ku kuta. Tunafunga baraza na matofali, inakuwa byumba mbili bya kupangisha lokateri." Minyi baba yako nikaitika. Nilisikia kule Lubumbashi unanunuaka manyumba ya bazee, unayapaka poda kama bibi-arusi, unayapangisha. Nikawaza: mutoto iko na akili. Kumbe akili yako yote ilibakia mu manyumba ya bengine.

Plan yako ya ujenzi ilifika kwa fundi Kasongo, minyi nikaenda Luena ku kilio, matanga ya shangazi yako. Kurudia, ukuta ya baraza imepanda, sima ya kujengea imekauka, muzuri kabisa. Nikatafuta mulango niingie kwangu. Hakuna! Nikazunguka nyumba kama mwizi.

"We Kasongo! Minyi nitaingilia wapi?"

Fundi akafungua karatasi yako. "Papa, hapa Numbi ameandika mulango iko upande wa barabara."

"Unaona mulango kule?"

"Hapana, Papa. Naona dirisha."

"Sasa?"

"Minyi nilifwata plan. Pita ku dirisha, Papa. Ao upite mu chumba ya lokateri."

Nikapita ku dirisha, na miaka yangu hii. Patalo ikapasuka matakoni. Mama Mujinga, ule jirani wetu wa kicheko, akapiga kelele toka uwanja ya lupango yake: "Papa Numbi! Sasa unaiba kwako?"

Kisha lokateri akafika kuona chumba, mwalimu mumoja na bibi yake, baliowana juzi. Akaona mulango ya saluni yangu ya kukalia inafungukia pale kitanda yabo itawekwa. "Papa, utakuwa unapita hapa kila asubui?" Nikamujibu: "Na usiku pia, nikibanwa." Hawakurudia.

Cheka. Cheka mara moja, kisha unyamaze, juu minyi sicheke tena.

Ule dirisha wa barabara, nani aliuziba chini na matofali? Ni siye babili. Mulango ilikuwaka kule, ile bazungu ba reli balijengaka, wakati nilifanyaka kazi mu treni yabo. Mama yako akasema: "Minyi sitaki kuangalia vumbi. Nataka kuangalia treni yenye kunirudishia bwana." Njo sababu tukatoboa ukuta upande wa baraza, wenye kuangalia reli, minyi na weye. Ulikuwa mudogo, nyundo inakushinda, ukajipiga kidole. Ukalia mpaka ukucha ikakuwa nyeusi. Mama yako akakubeba, akapuliza ile kidole, akasema: "Nyamaza, tata, mutoto wangu. Hii mulango ni yako."

Mu ile mulango njo alisimama siku ulipanda treni kuenda masomo. Siku ya kilio yake, tulipomuzika, ulipita mule, ukalala mara moja, ukarudia. Toka pale sijaona miguu yako. Naona paka plan.

Nilikuwa nawaza ni nini inaniuma. Haiko patalo. Mikono yako njo ilifanya ile mulango, na kichwa yako ikaisahabu. Lokateri ataniona mupumbafu, sawa. Lakini weye, Numbi? Ulichora kwetu kama muntu mwenye hajaingia.

Kasongo anataka kubomoa. Nimemukatalia. Nyundo, ile ile, iko chini ya kitanda yangu, na kitanda nimeisogeza mu chumba ya lokateri. Lokateri wa kwanza njo minyi, na niko lokateri mubaya: nakohoa, naimba, sitoke. Kuya hapa weye mwenyewe unifukuze. Usitume fundi, usitume sauti. Kuya utoboe ile ukuta na mikono yako.

Na safari hii ukijipiga kidole, utalia peke yako. Mwenye kupuliza hayuko tena. Niko paka minyi, na pumuzi yangu haitoshi.

Baba yako,
mwenye kuingiliaka ku dirisha