Uwanja Walioufagia

Jumatatu, 3 Juni

Mwenye hoteli kaja shimoni na viatu vyeupe. Vyeupe, kwenye tope! Kauliza nimepata nini. Nipate nini? Tangu wiki iliyopita nachimba kutafuta mabaki ya kale kwenye uwanja wa nyuma ya jumba la bwana, penye vibanda vya watumwa kwenye ramani ya zamani. Udongo mtupu. Hata kigae hamna. Kibali chake kinasema nikikuta mabaki ya makazi ya watu, ujenzi usimame. Kacheka: basi hapakuwa na watu, Ijumaa anaanza maegesho.

Jumba kalipaka rangi, kwenye kitanda cha bwana analaza wageni kwa bei ya kuruka. Waliolijenga wapate matairi juu yao. Simpendi hata kivuli chake.

Jumatano, 5 Juni

Nimepita kwa mama. Kanifokea mlangoni, eti nakanyaga uwanja ambao ndio kwanza kaufagia. Nimesimama viatu mkononi kama mtoto. Taka zote kazisukuma pembeni, chini ya ua wa makuti.

Mjinga mimi! Nimekua na fagio mkononi, halafu nachimba katikati. Watumwa walikuwa wanafagia! Usafi wao nimeuita utupu.

Alhamisi, 6 Juni

Pembeni! Majivu, vigae vya vyungu, mifupa ya samaki, shanga ya bluu. Na kiko cha tumbaku — kina alama za meno. Nimelia, kisha nimetukana.

Nimempigia mwenye hoteli. Kasema jalala si makazi, kesho iko palepale. "Historia tunayo ndani, dada. Ina kiyoyozi." Ofisi ya vibali haipokei simu. Sihami.

Ijumaa, 7 Juni

Tingatinga limefika kabla sijanywa chai. Dereva — mume wa mdogo wangu! Mwaka mzima hana kazi, na mdogo wangu ana mimba. Mwenye hoteli kamtafuta makusudi, fisi mkubwa.

Nimekaa shimoni, juu ya majivu yao. Naandika hapa hapa, daftari gotini.

Shemeji kashuka, injini inanguruma. Haniangalii usoni.

"Mwenye nguvu mpishe, shemeji."

"Hawa walimpisha. Tazama walipo."

Kakiona kiko, nimekiweka ukingoni. Kauliza cha nani. Nimemwambia jina lake hakuna aliyeliandika. Kakigeuza, kagusa zile alama kwa kidole gumba, kakirudisha taratibu palepale.

Viatu vyeupe vimesimama nyuma yake. Yule anamwambia kama hawezi, wako wengi getini.

Shemeji kapanda tena. Mkono uko kwenye gia. Sasa ananiangalia usoni, nami sihami.