Bibi na Sikukuu ya Vibanda

Masuguru, Jumanne

Kwa nini mwalimu anichague mimi, ninayeomba hata chaki kwa ishara? Kesho nisimame mbele ya darasa nieleze, kwa Kiingereza, jinsi Wayahudi wanavyosherehekea Sikukuu ya Vibanda baada ya mavuno.

Jioni nikajaribu kwa Kiswahili, mbele ya bibi tu.

"Wiki nzima wanakula kibandani, bibi. Paa ni la matawi, na nyota zionekane."

"Kwani nyumba hawana?"

"Wanazo, nzuri tu. Wanakumbuka mababu zao walivyotangatanga jangwani."

"Basi marehemu babu yako alikuwa Myahudi! Dungu lake la kulindia mahindi kule Sindeni lilionyesha nyota zote, na mvua ikaingia."

Nikacheka. Nikamwambia wanakaribisha na wageni.

"Hata mgeni asiyesema kitu, kama wewe?"

"Hata huyo, bibi."

Halafu nikakiri kwamba naogopa, sauti itanikauka. Akasema, "Nitakuja nikae mbele. Nieleze mimi, wengine wasikilize tu."

Nilidhani ananitania. Sasa hivi anapiga pasi khanga yake ya Idi.

Kiingereza hajui hata neno. Angalau mmoja hatajua nikikosea.