Habari za Baba Kutoka Mbali

Mama mpenzi,

Shikamoo. Natumaini goti limepoa na umeacha kupanda juu ya kiti kufuta feni. Sisi hatujambo, ila Dada kazi zimemzidi, na mimi ulimi haujapungua.

Uliuliza kama bado naandika au nimepata akili. Bado naandika, Mama, akili itasubiri. Asubuhi, kabla wateja hawajaingia, Dada hunipisha pembeni mwa meza ya kukatia nguo, nami naandika katikati ya mkasi na futi kamba. Wakianza kuingia nahamia kwenye vifungo na mapindo.

Mhakiki wangu ni huyo huyo mwanao. Namsomea akiwa anashona. Hasemi neno, lakini mimi nasikiliza cherehani: nikiboa inakwenda mbio bila huruma, sentensi ikikaa sawa mguu wake unapunguza mwendo. Siku moja nilisoma jinsi jua lilivyozama, kwa madoido yangu yote. Akapinda suruali nzima, ndipo akauliza kama limeshazama. Nampenda kwa hilo, Mama. Hajawahi kunisifu ili nifurahi tu.

Sasa kuna jambo. Mhariri wa jarida anangoja hadithi yangu ya kwanza, na juzi nilimsomea Dada ile ninayotaka kuipeleka. Cherehani ikanyamaza kabisa. Mteja akaja kuulizia gauni lake, akaambiwa akae, naye akakaa akasikiliza mpaka mwisho. Dada alifuta macho kwa kipande cha kitambaa, akasema sijawahi kuandika nzuri kama hiyo, na kwamba nisithubutu kuipeleka popote kabla sijakuomba wewe ruhusa.

Inahusu mama anayewasimulia wanawe habari za baba aliyesafiri kikazi. Kila Jumamosi anasema baba amepiga simu: amepanga chumba kwa mwenye nyumba anayekoroma mpaka madirisha yanatikisika, paka wa huyo mwenye nyumba amepotea, na mtaa mzima unamtafuta.

Mama, tulijua. Dada alimwona Baba sokoni mwaka uleule uliotuambia amesafiri, amembeba mtoto mwingine begani, mitaa michache tu kutoka kwetu. Alirudi akaniambia, tukalia bafuni tukiwa tumefungulia maji usitusikie. Jumamosi ukakaa kitandani kwetu ukaanza, na sisi tukasikiliza. Mwanzoni tulinyamaza kwa kukuhurumia. Baadaye, nisikufiche, tulinyamaza kwa kuwa hadithi ilikuwa tamu. Ulikuwa umeachwa, umechoka kufua nguo za watu, na bado ulitutungia mji mzima kutoka kichwani mwako. Watu wakiniuliza nilijifunza wapi kuandika, nahangaika kutafuta jibu la maana, kumbe jibu ni wewe.

Ukisema isitoke, haitatoka, wala sitanuna. Ni siri yako kabla ya kuwa hadithi yangu. Lakini ukikubali, mwisho wake una pengo nisiloweza kuliziba peke yangu. Ulipoacha kusimulia tulikuwa tumeshakua, tukaona aibu kuuliza, na yule paka alikuwa hajapatikana. Alikuwa wapi, Mama?

Wasalimie majirani wote, na goti ulipumzishe. Dada anakusalimu sana. Amenikataza nisimtaje, lakini naye anataka kujua.

Ni mimi mwanao,
Kitinda mimba