Nimeitamka Eldas Vizuri Mno

Wajir, Jumanne jioni, 1966

Upepo umepeperusha mavumbi tangu asubuhi, na leo simwamini mtu yeyote. Dereva amenisalimia mara mbili tangu turudi, nami nimejiuliza kwa nini mara mbili.

Tulikuwa watatu katika gari la idara ya mifugo: dereva, mkalimani wetu Hussein, na mimi, karani wa chanjo niliyeletwa huku kutoka Voi. Tulikuwa tumemaliza kuchanja ng'ombe Eldas, tunarudi Wajir. Tangu vita hivi na mashifta, waasi wa Kisomali, vianze, kwenye kila kizuizi wanajeshi hutaka kujua unatoka wapi na unakwenda wapi.

Mimi huona haya kuwakosea watu jina la kwao. Wenzangu ofisini huitaja Eldas kama wanaotema maganda. Nilitaka kuitamka kama wenyewe, kwa ile sauti ya mwanzo inayotoka kooni. Njia nzima nilijaribu, Hussein akinirekebisha: "Bole bole, bwana. Toa chini kabisa."

Pale kizuizini, karibu na Griftu, koplo akaniuliza tunatoka wapi. Nikajibu Eldas, sawasawa, kama niliyezaliwa huko.

Tabasamu alilotupokea nalo likatoweka usoni.

"Nani amekufundisha kusema hivyo?"

Ningeweza kusema nimeokota sokoni. Ningeweza kucheka na kujifanya mjinga.

Nilimtazama Hussein.

Wakamshusha. Wakamkalisha chini juani, mikono kichwani, sisi tukaambiwa twende zetu. Dereva akatia gia, nami sikumzuia.

Tangu hapo nimekuwa nikimshuku Hussein ili angalau nipate kupumua. Mbona anajua kila kisima? Mbona kila kituo ana binamu? Labda wanajeshi wameona jambo ambalo mimi sikuliona. Nimejiambia hivyo wakati wote wa chakula.

Ila hapa sitadanganya. Hussein hakutaka kunifundisha. Aliniambia, "Sema fibaya tu, walaal, ndugu yangu. Ukisema fibaya wewe ni mgeni, hakuna maneno. Ukisema fizuri, watauliza." Nilimsihi siku tatu, mpaka akaona aibu kunikatalia.

Alijua. Mimi ndiye niliyeona ni mchezo.

Kesho asubuhi nitakwenda kambini kwa wanajeshi nimwambie koplo kwamba mimi ndiye niliyemsumbua. Najua atakachouliza baada ya hapo: na wewe ulikuwa unajifunzia nini?

Jibu ninalo, na ni la kweli. Sikutaka kuwakosea watu jina la kwao, basi. Nimelisema kwa sauti hapa chumbani, nikajisikiliza, na hata mimi sikuliamini.

Nitakwenda nalo hivyo hivyo.