Nani Alilaza Nyasi, Mama?

Morogoro,
Jumapili, baada ya misa.

Mama yangu,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Goti linaendeleaje na baridi ya huko? Na kahawa ya kule bondeni imeshika vizuri, au mvua imezidi? Mimi ni mzima. Nimekonda kidogo, lakini usianze kulia, ni mitihani tu, chakula kipo.

Najua utashangaa kupata barua wakati simu ipo. Lakini unajua simu yetu ilivyo: unapanda mpaka kanisani kutafuta mtandao, majirani wamekuzunguka wanasubiri zamu ya kusimama pale pale, na kila ninachouliza unajibu, "Salama, mwanangu, wewe soma." Nina swali ambalo sitaki unijibu ukiwa umesimama pale.

Nianze na habari za chuo. Muhula unaisha. Wiki hizi tuna mitihani asubuhi na maonyesho jioni, na katikati yake ripoti za kuandika. Sisi wa sanaa tunatembea kama watu waliosahau walikokuwa wanakwenda. Somo la mwisho lilitaka kila kikundi kionyeshe kwa ngoma kazi ya mikono ya kwao, mara tatu, mbele ya watu. Mimi nikajitolea kuonyesha ngolo yetu.

Ungenicheka. Niliwaeleza Wasukuma na Wanyaturu na watoto wa Dar es Salaam jinsi tunavyolima ngolo mlimani: mwanaume anafyeka nyasi kwa nyengo, zikikauka anazilaza kwa miraba mteremko mzima, kisha mwanamke anakuja na jembe, anachimba katikati ya kila mraba na kuzifukia zile nyasi kwa udongo, na mashimo yanayobaki yanakamata maji ya mvua. Mmoja akauliza kwa nini tusikodi trekta. Nikamwambia alilete kwetu Namswea, tutaliokota mtoni.

Maonyesho mawili ya kwanza yalikwenda vizuri. Mimi ndiye mpiga ngoma. Wavulana wawili walilaza, wasichana wakachimba. Siku ya tatu wale wavulana wote wawili wakahamishiwa mtihani wao jioni, saa ile ile. Sikufikiria sana. Nikampa nyengo Neema, msichana wa Singida, nikamwambia alaze yeye. Akalaza vizuri kuliko wao. Watu wakashangilia, na mwalimu wetu akatupa alama za juu kabisa. Alisema mbele ya darasa zima kwamba nimethubutu, nimempa mwanamke kazi ya mwanaume.

Nilikuwa bado nachekacheka aliponijia mama mmoja mtu mzima, amejifunga kitenge chenye picha ya Bikira Maria. Alikuwa amekuja kumtazama mjukuu wake akicheza. Alinisemesha Kimatengo, nami ulimi ukawa mzito, nikamjibu kwa Kiswahili.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wa wapi wewe?"

"Namswea."

"Mimi wa Mapera. Baba yako alifariki lini, mwanangu?"

Mama, hakuna mtu hapa chuoni niliyemwambia habari za Baba. Nikamuuliza amejuaje.

"Umempa binti nyengo wala hukusita," akasema. "Kwetu mwanamke akionekana analaza nyasi, watu wanajua nyumba ile imefiwa. Nikasema, huyu ameyaona haya kwao."

"Sijayaona, mama."

Alinitazama kidogo, akanishika bega, akaenda kumtafuta mjukuu wake.

Na kweli sijayaona. Hilo ndilo linaloniuma. Baba tulimzika mwaka jana wakati wa kuchuma kahawa, kwa hiyo hizi ndizo nyasi za kwanza kulazwa bila yeye. Wiki ile tulipoanza mazoezi ya mwisho ulinipigia ukaniambia nisihangaike, nyasi zimeshalazwa, bado kuchimba tu, nikaze masomo nisije nikafeli. Nikamshukuru Mungu, nikarudi kwenye mazoezi. Sikukuuliza zimelazwa na nani. Baba mdogo Ditram yuko Lituhi tangu tumalize matanga, anachuuza dagaa. Shemeji Kandidus ana mteremko wake mwenyewe kule Mapera, na asingekuja bila dada kuniambia. Mwanaume wa nyumba ile ni mimi, na mimi nilikuwa Morogoro nikiwafundisha watu kulaza nyasi za kuchezea.

Kwenye ripoti kulikuwa na swali: kwa nini kazi ya kulaza alipewa msichana? Niliandika sentensi moja, kwamba wavulana hawakuwepo. Mwalimu ameirudisha. Ameizungushia duara jekundu, anataka nieleze zaidi. Nimekaa nayo siku mbili. Kila nikishika kalamu nakuona wewe na goti lako, umeinama na nyengo ya Baba, majirani wanapita njia ya juu wanatazama, wanakusalimia, wanaendelea na safari. Naona haya, Mama. Nina hasira pia, na kidogo ni juu yako, kwa kunificha.

Kikundi chetu kimealikwa pwani wakati wa likizo, wiki mbili za maonyesho. Ni nafasi niliyoitamani tangu mwaka wa kwanza, na nisingependa kukudanganya kwamba haikuniuma kuiacha. Jana nilimkabidhi mwenzangu ngoma, nikaenda kumwambia mwalimu kwamba siendi. Akauliza kwa nini. Nikamwambia nakwenda nyumbani kumalizia ile ripoti. Hakunielewa, lakini ameniruhusu.

Mtihani wa mwisho ni Ijumaa. Jumamosi napanda basi la Songea, na Mungu akipenda Jumapili jioni nitakuwa mlangoni. Barua hii anaibeba yule yule mama wa Mapera, maana anatangulia Jumanne kwenda kuona ndugu zake. Mpikie ugali na maharage, usimwambie mambo ya utoto wangu.

Nisalimie Bibi, mama yake Baba. Mwambie rozari aliyonipa bado ninayo na ninaisali, ingawa si kila siku, asije akanisikia kwa mwingine. Nisalimie dada Winfrida na shemeji na yule mtoto wao mdogo ambaye sijamwona tangu abatizwe, ni mimi mjomba wake kweli, mwambieni. Baba mdogo akipiga simu kutoka Lituhi, mwambie simlaumu, kila mtu ana nyumba yake.

Sasa lile swali umeshalijua. Usinijibu kwa simu. Kama aliyelaza ni wewe, kaa kimya tu, nitakuelewa. Ila naomba kitu kimoja: usianze kuchimba, nisubiri. Anza na maharage, chagua mbegu, pumzisha goti. Najua jembe kwenye ngolo ni kazi ya mwanamke, na najua majirani watakavyotazama kutoka njia ya juu. Acha watazame. Mwaka huu wewe ulishika nyengo ya Baba. Mimi nakuja kushika jembe lako.

Mwanao,
Osmund